Kumpeleka Ned kwa Chub

Tangu Jumanne Orrin Pelkey alikuwa anakula amesimama. Sahani mkononi, mgongo kwenye jiko la kuni, macho dirishani. Akimeza vijiko viwili anaiweka sahani, anatoka bila kofia mpaka kwenye uzio, anarudi, anaishika tena sahani na chakula kimeshapoa. Dada yake Claudette, mjane ambaye ndiye aliyekuwa na amri jikoni, alivumilia siku ya kwanza, akavumilia ya pili. Alhamisi mchana akatupa mwiko mezani.

"Orrin, chagua moja. Uwe ndani au uwe nje. Mlango huo unaniingizia baridi mpaka kwenye mifupa."

"Namtazama Ned tu."

"Hata mimi namwona, sijawa kipofu. Anatembea. Jana alitembea, juzi alitembea. Sasa mko wawili, mmoja uwanjani na mwingine jikoni kwangu, na sijui nimfunge kamba nani kwanza."

Orrin alikuwa ameshashika kitasa.

Huko nje Ned alikuwa amechimba njia. Kutoka kona ya banda mpaka langoni, kando ya uzio, theluji ilikuwa imekanyagwa ikageuka tope jeusi. Alikuwa farasi wa kazi, mkubwa, rangi ya shaba, singa zake nyeupe, kwato pana kama sahani za kulia. Akifika langoni anainua kichwa, anasimamisha masikio kuelekea barabarani, kisha analia mlio mrefu unaomtikisa tumbo lote. Anasubiri. Akiona kimya anageuka, anarudi mpaka kwenye kona, anaanza upya.

Alikuwa anamwita Chub.

Katika vilima vile vya kaskazini mwa Vermont hakuna aliyewahi kumtaja mmoja bila mwingine. Walisema "Chub-na-Ned" kama vile ni jina la mnyama mmoja mwenye miguu minane. Orrin aliwanunua wakiwa wadogo, hawajajua kuvuta hata gogo la kuni, akawafunga pamoja, Chub kushoto, Ned kulia, na tangu hapo hawakubadilishana upande. Ni miaka kumi na tisa hiyo. Majira ya baridi walivuta magogo msituni ambako mashine zingeharibu miti michanga. Mwezi wa tatu, utomvu unapoanza kutiririka kwenye miti ya sukari, walivuta sleji, gari la theluji lisilo na magurudumu, lenye pipa kubwa kutoka mti hadi mti, Orrin akimwaga ndoo, na Claudette akiuchemsha utomvu kuwa shira chini kibandani. Walijua pa kusimama bila kuambiwa. Orrin alikuwa mtu wa maneno machache mbele za watu, lakini kwa wale wawili alizungumza kutwa. Aliwapa habari za magoti yake. Aliwasengenya majirani. Akitaka kukata shauri la jambo aliwauliza wao kwanza.

Jumanne asubuhi, juu kilimani kwenye miti ya sukari, Chub alikanyaga barafu iliyofichwa na theluji karibu na chemchemi. Miguu ya nyuma ikaachana, moja huku na moja kule, na Orrin akasikia kitu kikivunjika ndani ya nyonga, mlio kama wa tawi kavu. Chub alijaribu kuinuka mara kadhaa. Halafu akaacha kujaribu, akaweka kidevu kwenye theluji, akamtazama Orrin. Orrin akamfungua Ned kwenye sleji, akamteremsha bandani, akamwambia Claudette ampigie simu daktari wa mifugo. Daktari akaja na sindano, na haikuchukua muda.

Sasa, watu wanaofanya kazi na farasi wa jozi wana desturi ambayo hakuna anayefundishwa, mtu anaiona tu kwa baba yake. Mmoja akifa, mwenzake analetwa. Anaachiwa pale, bila kamba, akae na maiti kadiri anavyotaka. Atanusa, atasukuma kwa pua, pengine atauma. Watu wanakaa mbali na hawamsemeshi. Akishajua anachotaka kujua, ataondoka kwa miguu yake mwenyewe. Asipopata nafasi hiyo atamtafuta mwenzake mpaka mwili umwishie.

Orrin aliijua desturi hiyo kama anavyojua vidole vyake. Ila siku ile lori la kubebea maiti lilifika mapema, dereva akahangaika kwamba jua linapanda na barabara ya udongo italainika, na Ned alikuwa bandani anapiga ukuta kwa kwato. Orrin akawaza sura ya Ned akimwona Chub pale chini. Hakuweza. Akafunga mlango wa banda wa juu na wa chini, akabaki humo ndani gizani, paji lake la uso kwenye shingo ya Ned, na wote wawili wakasikiliza winchi ya lori ikimvuta Chub. Winchi iliponyamaza, lori likaondoka. Alidhani amemhurumia.

*

Habari ya kumchoma Chub awe majivu nayo iliwapa watu maneno. Jumatano jirani yake, Hollis Drown, alisimamisha trekta mbele ya kibanda cha shira, akateremka huku ameshatabasamu.

"Bwana Orrin, nasikia umempeleka Chub tanurini."

"Ndiyo."

"Kama marehemu wa mjini?"

"Kama marehemu wa mjini."

"Na wakikurudishia utamweka wapi? Kwenye kopo la kahawa, juu ya televisheni?"

"Hatoshi kwenye kopo la kahawa," Orrin alisema taratibu. "Nimeuliza. Anajaza makopo mawili ya maziwa, yale makubwa ya zamani."

"Mawili?"

"Alikuwa farasi mkubwa."

Hollis alivua kofia, akakuna kichwa. "Basi hata akiwa majivu atakuwa mzito kuliko mkwe wangu." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Si ungemburuta tu msituni? Baba zetu walifanya hivyo."

"Baba zetu walitumia risasi. Hii ni dawa. Atakayemla Chub anakufa naye, tai, mbweha, hata mbwa wako."

"Ungemzika."

Orrin alielekeza kidevu kule bondeni, na Hollis akakumbuka. Farasi wa zamani wa akina Pelkey walizikwa kule chini kwenye malisho ya kando ya mto. Kisha ikaja mvua kubwa iliyobeba na daraja, na asubuhi yake Orrin aliukuta mfupa wa taya umekwama kwenye uzio. Aliyatambua meno. Alikuwa farasi jike wa baba yake, aliyemfundisha Orrin kushika hatamu. Siku hiyo aliapa kwamba Chub na Ned hawatalala kwenye udongo unaoweza kuhama.

Hiyo ndiyo sababu ya tanuri. Lilikuwa mbali, upande wa pili wa milima, na mwenye kazi hiyo alikuwa mwanamke aliyeitwa Noreen Sprague, yeye na kaka yake. Claudette ndiye aliyepiga simu siku ya Jumanne na kumpa Orrin mkono wa simu kama anampa nyoka. Noreen aliuliza mambo yake bila haraka. Viatu vya chuma, wamrudishie? Ndiyo, vyote. Singa za mkia, zikatwe? Ndiyo. Achomwe peke yake au pamoja na wengine? Orrin akasema peke yake, kwa ukali uliomshangaza hata yeye. Chombo cha majivu, wanayo masanduku ya mbao. Hapana, atapeleka makopo ya maziwa. Kule upande wa pili kukawa na kicheko kidogo cha upole. "Hakuna tabu. Na mimi nimekulia kwenye ng'ombe, bwana Pelkey."

*

Alhamisi ile alasiri daktari wa mifugo alirudi, safari hii kwa ajili ya Ned. Aliitwa Amsden, mwanamke kijana mwenye mikono mifupi yenye nguvu. Ilibidi atembee na farasi ndipo aweze kumpima, maana Ned hakukubali kusimama. Aliweka kipimo ubavuni, akasikiliza, akahamia upande wa pili, akasikiliza tena.

"Tumbo limenyamaza huku. Anakunywa?"

"Anatia pua kwenye ndoo, anatoa."

"Mzee Pelkey, nitakuambia bila kuzunguka. Nitampa mafuta kwa mpira wa puani, yatasaidia kidogo. Lakini asipotulia akanywa na kula, utumbo utajifunga. Kesho, au kesho kutwa. Na kwa umri wake simpasui."

Orrin alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Alimwona mwenzake?" daktari akauliza, akikunja mpira wake. "Mlimpa nafasi?"

Claudette alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji ya moto. Orrin alitazama kwato za Ned.

"Alimwona," akasema.

"Basi inashangaza. Kwa kawaida inawasaidia."

Daktari alipoondoka Claudette hakusema kitu. Alimwaga maji, akaning'iniza ndoo, akaingia ndani, na Orrin akamfuata kwa sababu kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko maneno. Alisubiri. Aliushika mlango, akauacha. Akasogeza kiti, hakukaa.

"Sema, dada."

"Niseme nini? Nilikuwepo. Niliwaona mmejifungia bandani kama wezi."

"Dereva alikuwa na haraka."

"Dereva angekunywa kahawa hapa mezani kwangu na kula keki, angesahau hata jina lake. Wewe ndiye hukutaka kutoka."

Nje Ned alilia. Wote wawili walisubiri, bila kutaka, jibu ambalo lisingekuja.

"Wanamchoma kesho asubuhi," Orrin akasema.

"Najua."

"Nipigie simu pale, Claudette. Waambie wangoje."

"Mimi? Uongo umesema mwenyewe, simu utapiga mwenyewe." Akamsogezea karatasi yenye namba, akafungua bomba la maji kwa nguvu ili asimsikilize.

Orrin alipiga namba akakosea. Akapiga tena. Noreen alipopokea, maneno aliyokuwa ameyapanga yakamtawanyika yote.

"Mimi Pelkey. Wa Chub."

"Ndiyo, bwana Pelkey. Chub yuko salama, yupo kwenye chumba cha baridi. Tunawasha saa moja asubuhi, yeye ndiye wa kwanza."

"Nataka kuja na farasi."

"Farasi gani?"

"Mwenzake. Hakumwona. Nilimfungia. Sasa anatembea tu, hali wala hanywi, na daktari amesema..." Akaikunja karatasi ya namba. "Nilimfungia mimi."

Orrin alisikia saa ya ukutani ya watu wengine, kule upande wa pili wa milima.

"Farasi aliye hai hajawahi kuletwa hapa," Noreen akasema. "Kaka yangu atapiga kelele. Lakini sikiliza. Nitaliacha tanuri baridi mpaka saa nne. Zaidi ya hapo siwezi, wapo wengine wanasubiri na wana watu wao. Utafika saa nne?"

"Nitafika."

Aliurudisha mkono wa simu ukutani. Claudette alikuwa amefunga bomba muda mrefu, na alikuwa anamtazama.

"Barabara," akasema.

"Nitatoka kabla haijayeyuka."

Kila mtu wa kule anajua hesabu hiyo. Mwezi wa tatu barabara ya udongo usiku ni mwamba, mchana ni uji. Mwenye mzigo mzito anapita kabla mwanga wa jua haujashuka kutoka kwenye vilele vya miti hadi barabarani, la sivyo anabaki hapo hapo mpaka usiku mwingine.

*

Kulipopambazuka, tela la farasi wawili lilikuwa tayari limefungwa nyuma ya pikapu, mlango wake wa nyuma umeteremshwa kama daraja. Kilichobaki ni Ned kupanda, na Ned hakupanda.

Hakuwa mkaidi kwa tabia. Ila maisha yake yote alipanda wa pili. Chub anatangulia, anakwenda kushoto. Ned anafuata, anakwenda kulia. Sasa aliletwa mbele ya tela tupu, akatia pua ndani, akatazama upande wa kushoto, akaruka nyuma na kumburuta Orrin kwenye tope. Wakajaribu tena. Wakajaribu kwa shayiri kwenye beseni, Ned hakuitazama hata kidogo. Orrin alijaribu kwa maneno yake yote ya siku zote, na farasi akayasikiliza kwa sikio moja, lile jingine likiwa barabarani. Jasho lilikuwa limemtoka ubavuni, mvuke unapanda. Mwanga ulishagusa ncha za miti. Tone la kwanza likaanguka kutoka ukingo wa paa la banda, halafu la pili.

Hollis alifika na trekta, minyororo ikining'inia nyuma.

"Claudette amenipigia. Kasema nisitie utani."

"Basi usitie."

"Sijasema kitu!" Akashuka, akamtazama Ned, akatazama paa linalodondosha. "Bwana, saa inakukimbia. Tupitishe kamba nyuma ya matako, mimi huku, wewe kule, tumkaze."

"Hapana."

"Ataingia."

"Ataingia akipigana, na tumbo lake lile. Hapana, Hollis."

Ned aligeuza kichwa tena kushoto. Alifanya hivyo kila mara, Orrin akaona sasa, kila aliposimama hata kidogo: aligeuza kichwa kushoto, chini kidogo, pale ambapo shavu la Chub lingekuwa. Orrin akampa Hollis kamba. "Mshike. Usimvute." Akakimbia bandani, kukimbia kwa mtu mwenye magoti mabaya.

Alirudi amebeba kola mbili za kuvutia, zile pete nene za ngozi zilizojazwa majani, ambazo farasi huvaa shingoni kupokea uzito wa mzigo. Kila farasi na yake. Imejikunja kwa shingo yake na kunywa jasho lake, haiazimwi. Kwanza ile ya Ned. Akaiinua, na Ned, ambaye tangu Jumanne hakutulia hata dakika, akashusha kichwa mwenyewe akakipitisha ndani, kama kila asubuhi ya kazi. Akasimama. Akashusha pumzi. Kisha Orrin akapanda kwenye tela na kola ya Chub, akaining'iniza upande wa kushoto, kwa urefu ule ule wa shingo ya Chub.

"Haya, wazee," akasema, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowaita wote wawili. "Haya, wazee, kazini."

Ned alipanda. Mbao zililia chini ya miguu yake. Alikwenda kulia, akanyoosha pua kushoto kwenye ile kola, akatoa sauti ya chini, ya kooni, ambayo haikuwa ile ya langoni.

"Mama yangu," Hollis alisema.

"Funga mlango. Haraka."

Barabara ilikuwa imeanza kulainika. Kipande cha kwanza walipita, magurudumu yakinguruma juu ya barafu chafu. Kwenye mteremko wa daraja, palipo na jua, pikapu ikazama upande mmoja, tela likainama, na Ned akagonga ukuta. Hollis akaja nyuma, akapita kando kwenye majani, akafunga mnyororo mbele bila kusema hata neno moja la utani, ingawa Orrin aliona usoni kwake linavyomuwasha. Trekta ikavuta. Tope likawarukia mpaka kwenye kioo. Walipofika kwenye lami Hollis akafungua mnyororo, akagonga bodi mara mbili kwa kiganja. "Nenda! Ukichelewa sasa ni juu yako!"

Orrin alikwenda. Hakuwasha redio. Mikono yake haikujua pa kukaa kwenye usukani. Ned aligonga sakafu, akanyamaza, akagonga tena, na kwa kila kishindo pikapu iliyumba kidogo na moyo wa Orrin uliyumba nayo. Aliponyamaza muda mrefu ilikuwa mbaya zaidi. Orrin aliegesha kando, akakimbia nyuma, akachungulia, akakuta jicho moja kubwa linamtazama. Akarudi, akaondoka, akatazama saa. Katika kila kijiji Ned alilia, na watu waliokuwa wanatoka dukani na magazeti waligeuka. Kwenye mlima theluji nyepesi ikaanza, ikaacha. Lori la magogo likamzuia kwenye kona zote. Orrin, ambaye hakuwahi kumpigia mtu honi, akalipigia honi.

Aliposhuka upande wa pili na kuiona nyumba nyeupe na mabanda yake, moshi ulikuwa unapanda. Moshi mweupe, umenyooka. Akakata kona kwa kasi ambayo tela halikupaswa kwenda, akaingia uani, na ndipo akaona kwamba moshi unatoka kwenye bomba la jikoni, na mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira anatoka mlangoni akijifuta mikono kwa aproni.

"Bado," Noreen alisema kabla hajaulizwa. "Bado robo saa. Mteremshe."

*

Walikuwa wamemtoa Chub kwenye chumba cha baridi, wakamlaza kwenye sakafu ya saruji ya banda lililokuwa zamani la kukamulia, milango yote miwili wazi, mwanga unaingia. Viatu vyake vilikuwa vimeshang'olewa, vinne, vimefungwa kwa waya na kuwekwa kando. Kaka yake Noreen, mrefu, mwenye uso wa kununa, alisimama karibu na ukuta na mikono mfukoni.

Orrin alimvua Ned kola. Kisha akamvua na hatamu. Farasi akabaki hana kitu.

"Asipotulia humu ndani ataniua mimi au ataua mashine," kaka akasema.

"Nyamaza, Wendell," Noreen akasema.

Ned aliingia. Kwato zililia kwenye saruji, moja moja. Alipofika hatua chache akasimama na kupuliza puani kwa nguvu, masikio mbele. Akaenda kuanzia nyuma, akanusa miguu, akanusa pale palipovunjika, akapita taratibu kando ya mgongo mpaka usoni. Akapulizia kwenye pua ya Chub, akasubiri, akapulizia tena. Akamsukuma shavuni, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kichwa kizito cha Chub kikasogea kwenye saruji na kurudi. Halafu akamuuma singa za shingo, pale pale juu ya mabega, walipokuwa wakikunana kila jioni ya majira ya joto. Akauma, akavuta, akaacha.

Kisha akalia mara moja, mlio uliogonga bati na kurudi, na Wendell akatoa mikono mfukoni.

Baada ya hapo Ned alisimama tu. Alisimama muda mrefu, kichwa kimeshuka juu ya kichwa cha mwenzake, mguu mmoja wa nyuma umelegea. Saa nne ikafika ikapita. Orrin aliona Wendell anaitazama saa ya ukutani, akaona Noreen anamwona, na hakuna aliyesogea. Mwisho Ned akapiga miayo. Akalamba midomo. Akageuka, mwenyewe, akatoka mlangoni polepole kwenye mwanga, na kando ya ukuta, mahali theluji ilipoyeyuka, akashusha pua kwenye nyasi za mwaka jana na kuanza kuzing'oa.

Orrin alisikia meno yakisaga. Alisimama akiisikiliza sauti hiyo kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Nilete maji?" Wendell akauliza.

"Lete," Noreen akasema. Kisha akamgeukia Orrin. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa wa kunyolea kondoo. "Mkia sijaukata. Uliniambia nikate, lakini uliposema unakuja nikaona nikuachie."

Orrin aliuchukua mkasi. Alitembea mpaka kwa Chub, njia ile ile aliyopita Ned, na alipofika akajikuta hawezi kuanzia kwenye mkia. Akapiga magoti, magoti yake mabaya, akaweka kiganja kwenye shavu lililokuwa baridi na gumu kama ubao. Tangu Jumanne, kila alipofumba macho, Chub alikuwa bado anamtazama kutoka kwenye theluji. Sasa macho yalikuwa yamefumbwa. Akayatazama mpaka akaamini. Kisha akaenda nyuma, akazikusanya singa mkononi, akazikata karibu na mfupa, zikatoka fungu moja zito, jeupe, bado na vijiti viwili vya mti wa sukari ndani yake.

Hakuvitoa.

Waliyateremsha makopo ya maziwa kutoka kwenye pikapu. Noreen alifungua kifuniko cha moja, akanusa, akacheka. "Umeyaosha."

"Dada yangu ndiye. Mara tatu."

"Wiki ijayo yatakuwa tayari. Njoo na mtu wa kukusaidia kubeba."

"Nitakuja na Hollis," Orrin akasema. "Ana maneno mengi, lakini ana mgongo."

Nje Ned alikuwa na pua yake kwenye ndoo ya Wendell, na safari hii hakuitoa. Koo lilikuwa linapanda na kushuka. Wendell mwenye kununa alikuwa ameishika ndoo kwa mikono yote miwili ili isianguke, akisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na mtoto, "Kunywa, babu. Kunywa, yapo mengine."

*

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na ilibidi wangoje kwenye lami mpaka baridi ya jioni iikaze barabara. Ned alikula majani makavu kwenye wavu wake, kola ya Chub ikining'inia kando yake, na hakulia katika kijiji chochote. Walipofika nyumbani alishuka, akakojoa sana, akaenda zizini bila kupita kwenye njia yake ya tope. Huko akasimama katikati, si upande wake wa kulia, akazunguka mara moja na kujilaza chini kwa mguno, kama mzee.

Orrin alisimama mlangoni mwa zizi. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Claudette alikuwa ameshapakua maharage na nyama ya nguruwe, na shira juu yake.

"Amekula?"

"Amekula. Amekunywa ndoo mbili. Amelala."

"Tumbo?"

"Linaunguruma. Nimeweka sikio."

Aliichukua sahani, akaegemea jiko, akageukia dirisha. Uwanja ulikuwa mtupu. Njia nyeusi kando ya uzio ilikuwa imeanza kuganda, na hakukuwa na mtu juu yake. Akaitazama kitambo.

"Orrin," dada yake akasema.

Akavuta kiti, akakaa.